Sindano ya Usingizi Iliandikwa kwa Jina Yangu

"Docteur, vuta tu. Ataweza."

Ilikuwa sauti ya bwana yangu.

Na wakavuta.

Muguu yangu ilikuwa imevunjika chini ya goti, mufupa umehama. Kabla ya kuunyoosha, docteur aliniahidi sindano ya usingizi. Kaka yangu Édouard akailipa palepale kwa caisse.

"Sindano iko wapi?" niliuliza.

Bwana yangu Noël akainama kwa sikio yangu. "Imeisha kwa pharmacie, mama. Vumilia."

Nililia mpaka sauti ikakatika... nikajikojolea mbele ya watu.

Ngoja niwaeleze vizuri, ndugu zangu.

Mimi ni Orpha, nauza samaki hapa Kisangani. Asubuhi ile nilipanda pikipiki moja na Aimée, jirani na rafiki yangu. Ikateleza kwa matope, tukaanguka wote wawili. Mimi muguu. Yeye bega ilitoka mahali pake.

Wakatupeleka wote wawili hospitali moja. Noël alifika pale urgence mbio, machozi kwa macho. Nikasema moyoni: huyu mwanaume ananipenda.

Kumbe...

Kesho yake Édouard alikuja na facture ya malipo, akanisomea. Mustari mumoja ulisema: sédation, ni kusema dawa ya usingizi, imetolewa.

"Imetolewa kwa nani? Mimi sikulala hata kidogo."

Édouard akamwita Ursule, infirmière, muuguzi aliyenishika mabega siku ile.

"Mama Ursule, dawa ya dada yangu muliuzia nani?"

"Hatukuuza, papa. Ilitumika."

"Kwa nani?"

Ursule aliniangalia mimi.

"Mama Orpha, si wewe ulikubali? Ilibaki dozi moja tu. Bwana yako alituambia umemwachia mwenzako, sababu wewe iko na nguvu. Facture ikabaki kwa jina yako, maana ilikuwa imelipwa tayari."

"Mwenzangu gani?"

"Aimée. Bibi mudogo wa bwana yako... si iko na mimba?"

Nawaambia kweli, nilicheka. Sijui kwa nini.

Noël akaingia na sahani ya mboga ya pondu. Nilimuuliza pale pale, wagonjwa wote wakisikia.

"Ulimpa Aimée sindano yangu?"

Hakukataa. Aliweka sahani polepole.

"Orpha, wewe umezoea maumivu. Ulizaa watoto wote bila kulia. Yeye angepoteza mutoto."

"Na mimi?"

"Bon... wewe si umepona?"

Sikupona. Sababu nilipapatika sana, mufupa ulikaa vibaya. Docteur alirudi, hakuniangalia machoni.

"Mama, itabidi tuuvunje tena."

Mara ya pili Édouard alisimama karibu na kitanda mpaka akaona dawa inaingia kwa mukono yangu. Nililala. Nilipoamka, Noël alikuwa amekwisha kuhamisha nguo zake kwa Aimée, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Leo natembea nikichechemea. Aimée akinikuta kwa bomba la maji, mutoto mugongoni, ananisalimia kwa heshima kabisa, kama dada yake mukubwa.

"Pole, yaya. Muguu iko aje?"

Mimi najaza ndoo yangu, naenda.

Dada zangu, mukifika urgence mungali munaweza kusema, semeni na docteur kwa mudomo yenu wenyewe. Muulize dawa gani, na inaingia kwa mwili ya nani. Musimwachie mutu akubali mahali penu, hata kama munalala naye kitanda kimoja.