Mstari Uliofutwa Bursa

Kadhi wa Bursa alifungua kitabu cha sheria za sultani asubuhi, amwamulie mjane Shahuban kesi yake, akakuta pengo. Palipokuwa na amri kwamba shamba la yatima lisiguswe mpaka mtoto akue, palikuwa peupe. Bila mstari ule, shamba lingekwenda kwa Turahan, askari wa farasi aliyelidai baada ya kulimezea mate siku nyingi. Mkuu wa waandishi, mzee Muslihidini, taya limefungwa kitambaa kwa maumivu ya jino, alitikisa kichwa tu kwa masikitiko.

Naibu wa kadhi, Behram, hakusubiri. Kitabu kilikuwa kimerudi jana kutoka kushonwa upya kwa Kiryako, mjalidi. Akamfuata sokoni, akamfunga kamba mikononi mbele ya waoka mikate, akapaza sauti:

"Mwizi wa sheria huyu! Mtazameni!"

Barazani akamkalia kooni. "Turahan kakupa nini?"

"Simjui, efendi. Mimi nashona migongo ya vitabu. Hata kusoma sijui."

"Hujui kusoma, halafu ukafuta mstari uleule…"

Behram aliyasikia maneno yake mwenyewe: asiyejua kusoma angeujuaje mstari wa kufuta?

Akakipeleka kitabu dirishani. Kisu kingeikwaruza karatasi. Hii ilikuwa laini, tena na unyevu. Basi ilifutwa leo. Karatasi za baraza hupakwa ute wa yai, wino wa masizi ukabaki juu juu, na mwandishi akikosea hulilamba kosa likatoka. Behram alifundishwa hivyo utotoni, na aliyemfundisha alikuwa amekaa pale pembeni, hajatamka neno tangu alfajiri.

"Mwalimu," alisema, akiomba moyoni awe amekosea, "tusomee ukurasa huu."

Mzee akaonyesha taya lake.

"Basi fungua kinywa, tulione hilo jino."

"Fungua, mzee," kadhi akasema.

Ulimi ulikuwa mweusi tii.

"Turahan anamwoa binti yangu," Muslihidini alisema, macho chini. "Nilitaka aolewe penye ardhi. Na wewe ulipomleta mjalidi, mwanangu, nikaona aibu yangu imepata wa kuibeba."

Behram alimpa kalamu. Mzee akauandika mstari upya huku analia, kwa hati ileile nzuri, na mjane akabaki na shamba lake. Kisha askari wakamchukua mzee.

Behram akamsindikiza Kiryako hadi sokoni, amfungulie kamba palepale alipomfunga. Waoka mikate wakaacha kazi, wakakodoa macho. Alipokuwa akiifungua kamba, aliinama sikioni.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikukosea."

Kiryako alisugua mikono yake iliyovimba.

"Mbona unaninong'oneza, efendi? Uliponifunga ulipiga kelele."

Behram akageuka kuwakabili watu.

"Si mwizi!" akapaza sauti tena. "Mimi nimemsingizia! Mtazameni!"

Wakamtazama Behram.