Kamongo Aliyeonja Mfuko wa Daktari

Kamongo alitoka ziwani akiwa na tope hadi mashavuni, akajikokota juu ya zulia jekundu la wageni waalikwa bila kuomba radhi, akafumba macho yake ya kioo na kumeza. Umati wote wa Jiji la Mwaloni ulinyoosha shingo. Ndani ya tumbo lake kulisikika mlio kama wa mtu anayesukutua kinywa. Kisha akatangaza kwa sauti nzito ya msomaji wa taarifa ya habari:

"Mashapo. Ghuba ya Kusini. Tabaka la juu. Madini ya risasi: mengi mno. Asanteni."

Akapiga mkia, na matone ya tope yakatua kwenye suruali nyeupe ya Mhandisi Mkuu Projestus Kaijage.

Kwa heshima zote inapasa kueleza kwamba huyu hakuwa samaki. Alikuwa mwonjatope, mashine yenye umbo la kamongo, yule samaki anayejichimbia matopeni ziwa likikauka. Muundaji wake alikuwa Dk. Kokushubila Rweyongeza, mkemia wa mazingira, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichunguza sumu iliyolala chini ya maji, mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kupigwa picha. Kamongo alikuwa na kasoro moja tu ya malezi. Chochote kilichonuka tope lazima akionje, na alichokionja lazima akitangaze mbele ya watu, pamoja na mahali alipokikuta. Kwa tabia hiyo alifanana sana na kiranja wa bweni.

Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Ziwa Angavu. Ziwa lenyewe lilikuwa limependeza kweli. Juu yake vilielea vituamishi, mashine nyeupe kama sahani zilizofunikwa, zikinyunyiza unga laini usiokoma. Unga huo uliyakamata madini yote yaliyomwagwa na viwanda vya zamani vya betri, ukayavuta hadi chini. Maji yalibaki meupe kiasi kwamba ungeweza kuhesabu kokoto. Baada ya hotuba, Mhandisi Mkuu angekunywa bilauri moja ya maji ya ziwa hadharani, na bendi ingepiga tarumbeta.

"Daktari," alinong'ona Mhandisi huku akifuta suruali, "mashine yako haina adabu."

"Adabu haina, Mhandisi, lakini hesabu inazo. Vituamishi havikuondoa sumu. Vimeihamisha chumba tu. Ilikuwa ghorofani, sasa iko chini. Nakuomba tena, tuivue kutoka huko."

"Iko chini, ibaki chini! Samaki tunafuga kwenye matangi. Mboga zinaota juu ya paa. Maji tunachota ya juu. Sasa niambie, dada yangu, nani anakula tope?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Umati ukaangua kicheko, na mpiga tarumbeta mmoja akacheka ndani ya tarumbeta yake.

Hata Dk. Kokushubila alitabasamu, maana swali hilo ndilo lililomshinda kila alipokwenda kwenye kikao cha jiji kuomba mashine za kuivua sumu. Kwa mazoea, mkono wake ukaingia mfukoni mwa koti la maabara. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mfukoni, kama wajawazito wengi wa Mwaloni, alikuwa na kitofali chake cha udongo wa kutafuna. Mama yake aliutafuna alipombeba yeye. Udongo ulitoka mlimani, ukakaushwa kwa moshi, ukauzwa sokoni karibu na tangawizi, na ulinukia kama mvua ya kwanza. Shahada zake zote za kemia hazikufua dafu mbele ya harufu ile.

Kamongo alifungua macho.

Aliinua pua. Akajikokota kuelekea kwa muundaji wake, polepole, kwa ile heshima ya mwalimu wa zamu aliyesikia harufu ya maandazi baada ya kengele ya kulala.

"Kamongo, rudi," alisema Dk. Kokushubila. "Rudi, nimesema! Huu si wako!"

Kamongo alitumbukiza pua mfukoni, akakivuta kitofali, akakimeza na kufumba macho. Umati ulianza kucheka tena. Mlio wa kusukutua ulikwisha.

"Mashapo," alitangaza. "Ghuba ya Kusini. Tabaka la juu. Madini ya risasi: mengi mno. Yamekutwa: mfukoni mwa daktari. Yana alama za meno. Asanteni."

Dk. Kokushubila aliweka mkono juu ya tumbo lake, akasimama hivyo, kama mtu anayejaribu kuziba tundu la ngalawa kwa kiganja.

"Si wa mlimani?" aliuliza, na hakujua anamuuliza nani.

Katikati ya watu alisimama Bi Atugonza, muuza udongo wa sokoni, mwanamke mnene mwenye ushungi wa manjano. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Mlima wamejenga minara juu yake, mwanangu Koku. Nikateremka ghubani. Udongo wa huko siku hizi laini, unayeyuka wenyewe mdomoni. Wateja wakasema ndio mzuri kuliko ule." Akamgeukia Mhandisi. "Si nyinyi mliopita na vipaza sauti mkisema ziwa limepona?"

Dk. Kokushubila alielewa mara moja. Ulaini ule ulikuwa unga wa vituamishi. Kadiri mashine zilivyofanya kazi vizuri, ndivyo udongo ulivyozidi kuwa mtamu.

Mwanamke mmoja akafungua mkoba, akatoa kipande na kukitupa mbele ya Kamongo kana kwamba kinaunguza. Mwingine akafungua pindo la kanga. Wakaanza kujipanga wenyewe. Kamongo alionja na kutangaza, alionja na kutangaza, bila kuchoka na bila kumficha mtu. Katikati ya foleni alikuwepo Adela, bintiye Mhandisi Mkuu.

"Na wewe?" baba yake aliuliza.

"Usinitazame hivyo, baba. Anayeutaka ni mjukuu wako, si mimi."

Mhandisi aliitazama bilauri yake ya maji maangavu. Hakuinywa. Aliiweka chini, juu ya zulia jekundu, akavua koti, akasema kwenye kipaza sauti kile kile, safari hii akijua kiko wazi: "Zimeni vituamishi. Daktari, hizo mashine ulizokuja kuomba ni ngapi?"

Wanawake wote wa foleni ile walipimwa damu siku ile ile. Risasi ilikuwamo, lakini kwa wengi ilikuwa bado kidogo. Waliacha udongo, wakapewa vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, wakafuatiliwa kila wiki. Si wote waliobahatika. Watoto wawili waliokwisha kuzaliwa kabla ya sikukuu ile wanachelewa kutembea, na Mhandisi Mkuu huwapeleka kliniki yeye mwenyewe, bila tarumbeta.

Vituamishi vilifumuliwa na kuundwa upya kuwa viinuzi, mashine zinazoibeba sumu hadi juu na kuinasa kwenye nyavu. Maji yakawa na ukungu tena kwa msimu mzima, na watu wakalalamika sana, kisha wakazoea. Bi Atugonza alipewa kipande cha mlima kisicho na mnara. Kamongo alihamishiwa sokoni, ambako kila asubuhi huonja bidhaa ya mama huyo na kutangaza, "Udongo. Mlimani. Salama. Asanteni," na biashara huenda vizuri kuliko zamani. Na katika vikao vya jiji, kila mchoro wa mashine mpya ukitandazwa mezani, Mhandisi huuliza kwanza, kwa uso mkavu kabisa: "Na hiki, nani atakila?"

Mtoto wa Dk. Kokushubila alizaliwa mzima, mwenye kilo za kutosha na sauti ya kupita kiasi. Damu yake ilipimwa mara nyingi, ilikuwa safi. Alipoanza kutambaa, mama yake alikwenda naye sokoni kununua tangawizi, akamweka chini kwa dakika moja tu. Mtoto alitazama huku na huku, akamwona Kamongo amelala akisubiri kazi. Akamtambalia. Akamkamata mkia kwa mikono miwili, akauingiza mdomoni, akafumba macho.

Soko zima lilisubiri.

Kamongo, aliyeonja ziwa zima bila haya, hakusema neno. Mtoto alitafakari kwa muda mrefu, kisha akatoa tangazo lake la kwanza kwa taifa: akatema.