Siku Nne Zisizopimwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Nivedya alichukua kamba yake akaenda kisimani. Mwisho wa kamba alikuwa amefunga jiwe. Aliishusha polepole mpaka akahisi jiwe limegusa chini, akaivuta, kisha akapima kwa tepu ya fundi sehemu iliyolowa maji. Akaandika kwenye daftari tarehe, saa na sentimita.

"Kisima hakina miguu!" Bibi Madhavi alimwita kutoka jikoni. "Hakitakimbia. Njoo ule puttu yako ya mchele kabla haijapoa."

"Nakuja, Bibi. Mwalimu kasema nipime saa kumi na mbili na nusu kila siku."

"Huyo Mwalimu Prasanna wenu angekuja kunipimia na mimi haya magoti."

Nivedya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la saba katika kijiji cha Karimpara, si mbali na mji wa Pattambi. Tangu tarehe mosi Februari, wanafunzi wa klabu ya sayansi walikuwa wakipima visima vya nyumbani kwao. Mvua zilikuwa zimekwisha zamani, mto ulibaki mchanga mtupu, na kila mwaka kipindi kama hicho majirani walinuniana kwa sababu ya maji. Safari hii baraza la kijiji liliiomba shule ilete grafu kwenye mkutano wa tarehe saba Machi, ili watu wazungumze juu ya jambo walilolipima.

Kisima cha pili katika kichochoro chao, chini kidogo ya chao, kilikuwa cha akina Shahana. Nivedya na Shahana walikuwa marafiki tangu shule ya chekechea. Walikwenda shule pamoja, wakigawana ukwaju wa chumvi njiani.

Tarehe kumi na tatu Februari, Nivedya na watu wote wa nyumbani kwao walikwenda kijijini kwa akina mama yake kwenye sikukuu ya hekalu. Walikaa siku nne. Waliporudi, walisikia mngurumo mpya ng'ambo ya ua. Moideenkutty, baba yake Shahana, alikuwa amenunua pampu ya kumwagilia migomba yake.

Wiki ile ile Jithin, binamu yake Nivedya anayesoma chuo mjini, alikuja kuwatembelea. Aliweka programu ya kuchora grafu kwenye kompyuta ya nyumbani.

"Hii ndiyo wanayotumia wakubwa," alisema. "Bure kabisa, siku kumi."

"Na siku ya kumi na moja?"

"Siku ya kumi na moja utakuwa umeshamaliza kazi. Acha maswali ya kizee."

Nivedya aliingiza namba zake, akabonyeza. Mstari wa buluu ulitokea kwenye kioo, laini kama uzi wa hariri. Ulikuwa mzuri mno hata akacheka peke yake. Lakini katikati ulizama ghafla, ukafanya shimo, kisha ukapanda tena.

Bibi Madhavi alivaa miwani yake. "Hapa ni lini?"

"Tarehe kumi na tatu mpaka kumi na sita, Bibi."

"Ndizo siku pampu ilipowashwa! Nilijua mimi. Baba Shahana anatunywea kisima chetu!"

Nivedya alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba siku hizo hakupima, kwamba hata nyumbani hawakuwepo. Lakini Jithin alikuwa akimpigapiga begani na kusema, "Umechora kama mhandisi," na sifa ile ilikuwa tamu. Akafunga mdomo. Jithin aliichapisha grafu, na kabla ya jua kuzama Bibi alikuwa ameshapitisha karatasi ile nyumba tatu.

Asubuhi iliyofuata Shahana hakumsubiri. Nivedya alimkimbilia mpaka akamfikia karibu na lango la shule.

"Bibi yako anasema baba yangu mwizi wa maji," Shahana alisema bila kusimama.

"Mimi sikusema hivyo."

"Grafu yako imesema. Na wewe ulikuwa kwa akina mama yako! Ulipima na macho gani, ya kuku?"

Tangu siku hiyo kila mmoja alikula ukwaju wake peke yake, na ulikuwa mchungu kuliko kawaida.

Jumatatu ya tarehe mbili Machi, Mwalimu Prasanna aliwataka walete grafu zao. Jioni Nivedya alifungua kompyuta, na programu ikamwandikia kwamba muda wake umekwisha. Faili lilikataa kufunguka. Akampigia simu Jithin.

"Usijali," Jithin alisema. "Rafiki yangu ana namba ya siri ya wizi. Unaiingiza, inafunguka."

"Ya wizi?"

"Kila mtu anafanya hivyo, wewe!"

"Ngoja nimuulize Mwalimu kwanza."

"Ukimuuliza mwalimu, si unajua atakavyojibu?"

Nivedya alijua. Alijua pia kwamba, moyoni mwake, alifurahi kidogo faili lile kukataa kufunguka.

Kesho yake baada ya masomo alimfuata Mwalimu Prasanna kwenye chumba cha kompyuta. Alimweleza yote, hadi karatasi iliyozungushwa na Bibi. Mwalimu hakupandisha sauti. Alilichukua daftari akalisoma kwa kidole.

"Tarehe kumi na moja, sentimita mia tatu na kumi. Tarehe kumi na mbili, mia mbili tisini na tisa. Mbona maji yalishuka sana siku moja?"

Nivedya alifikiri. "Siku hiyo nilichelewa kupima. Tulikuwa tumeshateka maji ya kufua nguo za safari, na watu wote walikuwa wameshaoga."

"Halafu tarehe kumi na saba, baada ya safari, mia mbili tisini na nane. Sasa ona. Ile programu iliambiwa ichore mstari laini. Ilikuta mstari unateremka kwa kasi, ikaendelea kuuteremsha kwa kasi ile ile, kisha ikaupandisha ili ukutane na namba yako ya tarehe kumi na saba. Shimo hilo limebuniwa na kompyuta. Hakuna mtu aliyeshusha kamba."

"Kwa hiyo programu ilidanganya?"

"Ilifanya ilichoagizwa. Aliyejua kwamba siku zile hazikupimwa ni nani?"

Nivedya alitazama vidole vyake. "Mimi."

"Haya. Kompyuta zetu hapa zina programu tatu za grafu, zote huria. Unajua maana yake? Mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kumnakilia jirani, hata kufungua ndani aone zilivyotengenezwa. Hazina siku ya kumi na moja. Kachague moja. Lakini usiichague peke yako."

Nivedya alielewa. Alimkuta Shahana uani kwao, akiwatupia kuku punje za mchele.

"Nahitaji namba zako," Nivedya alisema. "Na nahitaji uwepo nikichora."

"Ili unichimbie shimo jingine?"

"Ili unikamate nikikosea. Sikupima siku zile nne, Shahana. Nilijua, na nikanyamaza kwa sababu walinisifu. Nisamehe."

Shahana alitupa punje zilizobaki zote mara moja, kuku wakapigana. "Mimi nilipima siku zote," alisema. "Hata siku niliyokuwa na homa."

"Ndiyo maana nimekuja."

Jumatano walikaa mbele ya kompyuta moja, Shahana akisoma namba na Nivedya akiandika. Programu ya kwanza ilikuwa ya majedwali. Waliacha wazi zile siku nne, wakabonyeza, na mstari ukaporomoka hadi sifuri.

"Yarabi, kisima kimekauka!" Shahana alipiga kelele, na wote wawili wakacheka mpaka Mwalimu akaja kuangalia. Aliwaonyesha mahali pa kuiambia programu kwamba nafasi wazi si sifuri. Ilitii, lakini ilibidi kupekua dirisha ndani ya dirisha.

Programu ya pili ilikuwa na vitufe vizuri vya rangi. Kwenye kompyuta ile kuukuu ilichukua muda mrefu kuamka.

"Kompyuta ya nyumbani kwetu ni ya zamani kuliko hii," Shahana alisema. "Itaamka Ramadhani."

Programu ya tatu haikuwa na kitufe hata kimoja. Ilitaka waiandikie maagizo mstari kwa mstari: soma namba hizi, anza mhimili kwenye sifuri, weka nukta bila kuziunganisha, kisima cha juu kijani, kisima cha chini chekundu. Mara ya kwanza Nivedya alisahau mkato, ikagoma. Mara ya pili aliandika jina la faili vibaya, ikagoma tena.

"Hii ina kiburi kama bibi yako," Shahana alisema.

Mara ya tatu ilichora. Nukta za kijani na nyekundu zilitokea, na katikati ya zile za kijani pakabaki peupe, siku nne tupu.

"Ipi mnaichukua?" Mwalimu aliuliza.

"Hii ya maagizo," Nivedya alisema. "Ni ngumu, lakini kila tulichofanya kimeandikwa, mistari tisa tu. Ni kama maelezo ya mapishi. Mtu asiyetuamini anaweza kuyafuata akapika mwenyewe."

"Na kwetu inafanya kazi," Shahana aliongeza. "Inafunguka hata kwenye ile kompyuta mbovu ya baba."

"Na hii nukta ya tarehe kumi na mbili imekaa chini peke yake. Tuifute?" Nivedya aliuliza.

"Ulipima au hukupima?" Mwalimu alimuuliza.

"Nilipima."

"Basi inabaki. Andika pembeni kwamba maji yalikuwa yameshatekwa."

Walirudi nyuma wakaitazama grafu yote. Kijani na nyekundu ziliteremka sambamba, karibu sentimita mbili kila siku. Ziliteremka hivyo kabla ya pampu, na zikateremka hivyo hivyo baada yake. Shahana alishusha pumzi ndefu. Njiani kurudi nyumbani alitoa ukwaju mfukoni, akaukata, akampa Nivedya kipande kikubwa.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Bibi Madhavi alikaa mstari wa mbele. Nivedya alisimama, akainua karatasi juu ili wote waione.

"Nafasi hii nyeupe ni siku nne ambazo sikupima," alisema. "Karatasi mliyoiona kwanza ilikuwa na shimo hapa. Shimo lile halikuwa la maji. Kompyuta ililibuni, na mimi nilijua sikupima nikakaa kimya. Naomba radhi kwa Mzee Moideenkutty."

Bibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo pampu haina makosa?"

"Nukta hazionyeshi tofauti," Nivedya alijibu. "Zaidi ya hapo sijui."

Moideenkutty alisimama. "Mimi sikuwaamini hawa watoto," alisema. "Jana Shahana aliniwekea programu hiyo nyumbani, nikasoma namba za daftari moja moja, akaniandikia. Ikatoka ile ile. Lakini huyu mtoto kasema kweli, bado hatujui yote. Basi nitaizima pampu siku saba. Waendelee kupima."

"Na migomba yako?" Bibi Madhavi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Migomba itavumilia siku saba, dada. Mimi kuitwa mwizi, siwezi kuvumilia hata moja."

Watu walicheka, na Bibi mwenyewe akacheka, japo aliinamisha uso.

Siku saba zile wasichana walipima pamoja, kisima cha juu halafu cha chini. Maji yaliendelea kushuka sentimita mbili kila siku, pampu ikiwa imezimwa kimya. Jua ndilo lililokuwa likiviteremsha visima vyote. Baraza lilipoona hivyo, liliacha kutafuta wa kulaumiwa, likaamua jambo la kufanya: kabla ya mvua za Juni, kila nyumba ya kichochoro kile ingefunga mabomba ya kuchukua maji ya paa, yapite kwenye kokoto na mchanga, yaingie kisimani. Moideenkutty alikuwa wa kwanza kununua mabomba. Bibi Madhavi alimpelekea fenesi la kwanza la msimu, akalibeba mwenyewe na magoti yake yale yale, na hakuna aliyesikia walichozungumza ila walikunywa chai vikombe viwili kila mmoja.

Jumatatu baada ya siku saba zile, Mwalimu Prasanna aliibandika grafu ukutani darasani, pamoja na ile mistari tisa ya maagizo.

"Mtachora grafu nyingi maishani," aliwaambia. "Chagueni chombo ambacho hata jirani asiye na kitu anaweza kukishika akawakagua. Mkipima, andikeni. Msipopima, acheni wazi, na mseme wenyewe kwamba hamkupima. Mtu anayeonyesha asichokijua ndiye ataaminiwa kwa anachokijua."

Mvulana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, na kama hakuna atakayetukagua?"

"Chora hivyo hivyo," Mwalimu alisema. "Wewe mwenyewe si utakuwepo?"