Diski Haijafa, Mama Kahindo

Kila jioni Mama Kahindo alipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasonga ugali, akawasha kompyuta, ndipo akala. Hakupenda kula peke yake. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na mazoezi ya kwaya aliyoyarekodi mumewe, Ambroise, aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Kila wimbo ulianza na sauti yake: anakohoa kidogo, kisha anahesabu, "Un, deux, trois." Ambroise alifariki miaka mitatu iliyopita. Nyumba yao ya mtaa wa Bigo ilibaki kimya, na sauti ile ndiyo iliyokaa naye mezani.

Umeme ulitoka kwenye jenereta ya jirani, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Kabla ya kuizima, jirani huyo alipepesa taa mara mbili. Hapo kila nyumba ilikimbilia kuchomoa waya, vyombo visiungue. Jumatatu kompyuta ilikuwa ikipokea toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha. Taa ikapepesa. Mama Kahindo akachomoa waya kama kawaida yake.

Kesho yake kompyuta iligoma. Kioo kilijaa maandishi meupe: haiwezi kuifikia diski. Fundi mmoja wa mjini alitupa jicho tu, akasema diski imekufa, ifutwe yote waanze upya. Mama Kahindo akaibeba kompyuta yake hadi nyumbani. Siku mbili alikula amesimama jikoni. Alijiona amefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja matangani.

Alhamisi, jenereta ilipowaka, Wivine, jirani wa ng'ambo ya ua anayetunza mashine za kituo cha redio, alimkuta ameketi mlangoni.

"Mama, siku hizi sisikie tena kwaya yako."

"Disque imekufa. Fundi anasema tufanye formatage."

"Alifungula mashine?"

"Hapana. Aliangalia tu."

"Basi usimupe. Formatage itafuta sauti ya papa Ambroise. Kwanza tuulize mashine yenyewe."

Wivine alifungua kasha, akakaza waya za diski, akawasha. Akaushika mkono wa Mama Kahindo, akauweka juu ya diski.

"Unasikia iko natetema? Njo kusema iko muzima. Sasa, disque iko na mulango yake, banaita contrôleur. Linux iko na kaprogramu kenye kufungula ule mulango, njo pilote. Mashine ikiamka, inatoa pilote mu kamufuko kadogo. Weye ulichomoa waya wakati toleo mupya ilikuwa inashona kamufuko kapya?"

Mama Kahindo akainamisha kichwa. "Taa ilipepesa, mutoto wangu."

"Siye wote tunafanya vile, Mama. Kamufuko kapya kaliharibika. Lakini ka zamani kako muzima."

Wivine alizima, akawasha tena huku amebonyeza kitufe cha Shift. Orodha ikatokea. Akachagua "Options avancées", kisha toleo la zamani la Linux. Kompyuta ikaamka polepole. Akaandika lspci -k, kuuliza pilote inayotumika. Chini ya jina la ule mlango palikuwa na neno ahci.

"Pilote njo hii. Iko natumika."

Akaandika sudo dpkg --configure -a, kumalizia kazi iliyokatika. Kisha sudo update-initramfs -u -k all, kushona mfuko upya. Alipowasha mara ya mwisho hakuchagua kitu. Ikaamka yenyewe.

Kikohozi. "Un, deux, trois." Mama Kahindo alilia, wala hakujificha.

"Mise à jour, kupokea toleo mupya, uanze wakati groupe, ile jenereta, imewaka sasa hivi," Wivine alisema. "Usianze karibu na kuzima. Na ile sauti, nani iko na copie?"

"Hakuna."

"Basi tuweke ku clé USB mbili. Moja kwako, moja kwangu. Nyumba moja ikipata shida, ingine inabakia nayo."

Jioni ile Mama Kahindo alikuwa akipakua ugali aliposikia Ambroise akikohoa huko nje. Wivine alikuwa akijaribu nakala yake. Kwa miaka mitatu sauti ile haikutoka popote ila mezani pake. Sasa ilikuja kutoka uani, na alitamani mno kuifuata. Alisimama na mwiko mkononi hadi hesabu ikafika trois. Kisha akafunika sombe, akabeba na ugali, akavuka ua.

"Wivine," aliita mlangoni, "umeshakula?"