Fulana Moja kwa Zamu Mbili

Asubuhi hiyo uji uliungua. Mwalimu wa Sanaa alikuwa amesimama palepale jikoni, mwiko mkononi, lakini hata harufu hakuisikia.

"Mama, uji!" alipiga kelele binti yake. Walimwita Sisimizi, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kutulia.

"Nimeuona, mwanangu," alisema mama. Hakuwa ameuona. Mawazo yake yote yalikuwa shuleni.

Shule yao ilikuwa na zamu mbili. Wengine walisoma asubuhi, wengine mchana, katika vyumba vilevile. Watoto wa zamu hizo walichukiana bure. Siku moja, kwenye mechi ya zamu hizo uwanjani, walirushiana mawe, na mtoto mmoja akapasuka kichwa. Ndipo mwalimu mkuu aliposema, "Tutafute fulana moja ya shule nzima. Wanafunzi wachore wenyewe, kisha tuchague mchoro bora." Kazi ya kuchagua akampa Mwalimu wa Sanaa, peke yake.

Michoro ilimiminika. Sisimizi, aliyesoma zamu ya asubuhi, naye akaleta wake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwalimu alipofika shuleni asubuhi hiyo ya uji, alikuta maneno ya chaki mlangoni: MSHINDI TUNAMJUA. NI MTOTO WA MWALIMU. Mchana akaja msichana mmoja mrefu wa zamu ya pili. Walimwita Redio, maana hakunyamaza. Nyuma yake, wenzake walikuwa wamepanga foleni.

"Tunaomba michoro yetu, mwalimu."

"Kwa nini, jamani?"

"Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Tutapata haki wapi?"

Mwalimu akafungua kabati. Akawarudishia.

Jioni alimwambia binti yake, "Mwanangu, jitoe kwenye shindano."

"Nimekosa nini, mama?"

Sisimizi aliingia chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Mwalimu alishindwa kukaa. Akauchukua mchoro wa mtoto, akaenda kwa jirani yake, Mama Rangi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa fulana. Alimkuta uani akianika fulana kwenye kamba, vidole vyake vikiwa vya bluu hadi kwenye kucha.

"Jirani, hebu tazama mchoro huu..."

"Usinionyeshe!" Mama Rangi aligeuza uso. "Ni wa mwanao? Nikiuona leo, kesho nikiombwa kuchagua nitautambua. Ficha kwanza, ndipo unieleze."

Mwalimu akaeleza yote. "Nikimtoa, namwonea mtoto. Nikimwacha, shule inawaka moto. Nifanyeje, dada?"

"Mtoto hana kosa. Utaratibu ndio una kosa. Jaji ni mmoja, na jaji huyo ana mtoto humo ndani. Hata ungekuwa malaika, nani angekuamini?"

"Basi nishike lipi?"

"Anza upya. Tangaza masharti mbele ya zamu zote mbili, kila mtu ayasikie. Mtoto achore mwenyewe, asinakili mchoro wa mtu. Rangi zisizidi mbili. Kila rangi naichapa peke yake. Zikiwa nyingi zinapandana, picha inaonekana kama imemwagikiwa mchuzi. Na mistari iwe minene. Iliyo myembamba kama nywele haishiki kwenye kitambaa."

"Na majina?"

"Yaandikwe nyuma ya karatasi, kisha yafunikwe. Tafuteni majaji watatu wasio na mtoto wala ndugu kwenye shindano. Wewe kaa kando kabisa."

"Na yule Redio?"

Mama Rangi alicheka. "Anayelalamika sana mpe kazi ya kuangalia. Asichague, ila aone kila kitu."

Mwalimu alifanya hivyo. Redio aliposikia, alisema, "Basi mimi sichori. Nitalinda." Michoro ikarudi, wa Sisimizi ukiwemo. Redio mwenyewe alibandika karatasi juu ya kila jina.

Siku ya kuchagua, michoro ilitundikwa kwenye uwanja wa shule, zamu zote mbili zikikodoa macho. Majaji walikuwa Mama Rangi, mwalimu wa shule jirani na mlinzi wa lango. Walitazama kwa karibu, kisha kwa mbali. Walibishana.

Mwalimu alisimama nyuma ya watu wote. Aliufahamu mchoro wa mwanawe: dawati moja, jua linachomoza upande huu, linatua upande ule. *Ee Mungu, usiwe huo.* Kisha akajiuliza, mama gani huyu anayeomba mwanawe ashindwe?

Mlinzi wa lango aliunyooshea kidole mchoro huohuo. Wenzake wakaitikia kwa kichwa.

Redio alibandua karatasi. Akasoma jina kimoyomoyo. Kwa mara ya kwanza, alinyamaza.

"Ni Sisimizi," alisema hatimaye.

"Si tulisema!" mtu akapayuka.

Redio aligeuka kama umeme. "Ulisema nini? Majina niliyafunika mimi! Majaji nimewasikiliza neno kwa neno, hawakujua ni wa nani. Nimetafuta kosa mpaka nimechoka. Mchoro huu umeshinda, basi!"

Kisha makofi yakaanza, na yalianzia upande wa zamu ya mchana.

Katika mechi iliyofuata, timu zilichanganywa, na wote walivaa fulana ile. Walizomeana kidogo, lakini hakuna aliyeokota jiwe. Sisimizi alikimbia huku na huko kuhesabu fulana, akapotea katikati yao.

Redio alimsogelea mwalimu. "Mwakani mtafute mwingine wa kulinda majina, mwalimu. Mimi nitachora."

"Na ukishinda, wakisema umependelewa?"

"Waje wakague," alijibu Redio, akakimbilia uwanjani.