Mwizi wa Lita Milioni Mbili

Maji yalikuwa yameibwa. Si ndoo, si pipa, si gari zima la maji. Lita milioni mbili, zote, kutoka ndani ya tangi la zege lililofungwa kwa lakiri ya benki.

"Hebu rudia," Inspekta alisema.

"Yameibwa, afande," mlinzi akajibu huku akijifuta jasho. "Jana jioni tangi limejaa pomoni. Leo asubuhi nimelipiga teke kidogo, likalia kama ngoma."

"Kwa nini ulipige teke?"

"Mazoea tu, afande. Nalisalimia."

Inspekta akapanda ngazi ya chuma. Mfuniko ulikuwa na lakiri yake, nzima kabisa. Akamulika tochi kwenye tundu la kupimia kina. Chini kulikuwa na tope jembamba na kandambili moja ya fundi. Basi!

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa amepeleleza wizi wa nyaya, wa kengele ya shule, na siku moja wa jeneza likiwa na mwenyewe ndani. Lakini tangi? Hii ndiyo kesi! Akashuka ngazi mbili mbili kama msichana.

Kisha akazunguka tangi lote akitazama chini. Udongo mkavu. Korongo la nyuma, kavu. Hapakuwa na tope wala alama ya tairi.

"Hayakumwagwa wala hayakubebwa," alimwambia koplo wake. "Yamepita bombani. Yameteremka mjini."

"Umejuaje, afande?"

Inspekta akakumbuka. Alfajiri ile, nyumbani kwake mtaa wa chini, bomba lililokauka miezi minne lilikohoa, likapiga chafya, likatoa maji. Mama yake mzazi alipiga vigelegele. Walijaza mapipa, sufuria, birika, hata viatu vya mvua vya watoto. Yeye mwenyewe alioga ndoo mbili huku akiimba. Sasa akaunusa mkono wake. Bado ulinukia sabuni. Lo! Alikuwa amekiogea kidhibiti.

"Najua tu," alisema. "Na wewe shati lako limefuliwa lini?"

Koplo akatazama pembeni. "Leo, afande."

Ilibidi mambo yaende haraka. Tangi lilijengwa kwa mkopo wa benki ya nchi za mbali, na hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ya mkopo ingelipia mabomba mapya hadi mitaa ya chini, ambako watu hununua maji kwa dumu. Sharti lilikuwa moja: tangi lijazwe, lifungwe, likae siku saba, lipimwe kama linavuja. Leo ilikuwa siku ya saba, na mkaguzi wa benki angefika saa tisa alasiri.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mkuu wa kituo.

"Mwizi tunaye."

"Tayari, mkuu?"

"Mzee wa valvu. Kufuli la chemba ya valvu halikuvunjwa, na ufunguo anao yeye. Wa pili uko ofisini ndani ya bahasha, na bahasha haijafunguliwa. Andika ripoti, weka jina lake. Saa tisa benki wanaitaka mkononi."

"Amekiri?"

"Hajakana."

"Hayo ni mambo mawili, mkuu."

"Inspekta, usinitafutie maneno! Saa tisa."

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba ya pampu, pingu mkononi, kofia yake ya kazi magotini. Mji mzima ulimwita Mzee Zamu. Kwa miaka thelathini na moja ndiye aliyefungua na kufunga maji, mtaa baada ya mtaa, kwa zamu, na hakuna aliyewahi kumhonga hata kikombe cha chai. Mwezi mmoja tu ulibaki astaafu. Akitiwa hatiani, kiinua mgongo chake kingepotea, na yeye mwenyewe angezeekea jela.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulifungua valvu?"

Mzee akatazama tangi.

"Ufunguo ulikuwa wapi jana usiku?"

"Andika ulikuwa kwangu."

"Sikuulizi niandike nini. Nauliza ulikuwa wapi."

Mzee akaigeuza kofia yake. "Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Niandike mimi, yaishe."

Inspekta akachuchumaa mbele yake. Ilimuuma kumwona na pingu. Mtu asiye na hatia huapa, hulia, hutukana. Huyu alikuwa akijitoa kama anayelipa nauli ya mwenzake.

"Ulilala wapi, baba?"

"Kwa binti yangu. Mjukuu alikuwa na homa."

Hapo hapo akajuta. Inspekta akalichukua jibu hilo bila kubadilisha uso. Binti ya Mzee Zamu aliolewa na mhandisi msimamizi wa mradi. Hilo kila mtu alilijua.

"Nionyeshe valvu yenyewe."

Chemba ilikuwa shimo la zege chini ya kifuniko cha chuma, kando ya tangi. Ndani yake lilikaa gurudumu jipya jekundu, limepakwa grisi, la bomba moja linalojaza tangi na kuteremsha maji mjini. Fundi wa alama za vidole alikuwa ameshajaribu, akatoka na poda puani na mikono mitupu. Grisi haikuhifadhi kitu.

"Koplo, ifunge," Inspekta akaamuru.

Koplo akashuka, akalishika gurudumu, akalizungusha kulia. Likaenda vizuri, likaenda, mwisho likagoma. Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Imefungwa, afande!"

Mzee Zamu, na huzuni yake yote, akacheka. "Umeifungua mpaka mwisho, bwana. Hii inafunga kushoto."

"Kushoto? Dunia imepinduka?"

"Mkataba wa mkopo unataka vifaa vinunuliwe kwao. Na kwao valvu za aina hii hufunga kushoto. Hata mimi ilinisumbua. Mkono umezoea kulia tangu ujana."

"Nani mwingine anajua?" Inspekta aliuliza polepole.

"Mimi, na yule fundi mgeni tuliyeiweka naye wiki mbili zilizopita. Naye alisharudi kwao." Mzee akatazama pingu zake. "Naona nimejimaliza mwenyewe."

"Labda, baba. Labda hujajimaliza." Koplo akalirudisha gurudumu kushoto, valvu ikafunga.

Mhandisi alikuwa ofisini kwenye kontena, kijana nadhifu, macho mekundu. Inspekta alimpa pole, kisha akafungua daftari.

"Umewahi kuiendesha ile valvu?"

"Sijawahi hata kushuka chemba. Ilipowekwa nilikuwa safarini. Valvu ni kazi ya mzee."

"Saini hapo."

Akasaini.

"Unadhani ni yeye?"

"Ni baba mkwe wangu, Inspekta. Usinilazimishe kusema."

"Haya. Nani alikuwa akipima kina kila asubuhi?"

"Mimi."

Kitabu cha vipimo kilikuwa mezani. Siku ya kwanza hadi ya sita, tarakimu ileile, mpaka milimita. Inspekta alikitazama, akakumbuka pipa la mama yake. Hata pipa lenye kifuniko hupungua kidogo kwa siku sita.

Nje, koplo alikuwa akilaani. Alikuwa ameegemea ukuta wa tangi, na suruali ya sare imechafuka chokaa nyeupe, mstari mrefu kwenye paja.

"Usijifute!" Inspekta akapiga kelele.

Alipiga magoti pale ukutani, akakwangua kwa ukucha. Chokaa ilikuwa mbichi. Chini yake zege lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, wenye majimaji. Akasogea hatua tatu, akakwangua tena. Ufa uleule uliendelea.

"Mlinzi! Nani alipaka chokaa hapa?"

"Mhandisi, afande, juzi. Kwa mkono wake. Akasema wageni wakija tangi lipendeze. Nikasema kweli huyu anaipenda kazi."

Tangi lilikuwa linavuja! Na tangi tupu halipimwi.

Saa tisa kasoro dakika tano gari la benki likaingia. Mkaguzi alikuwa mama mrefu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akikitamka taratibu kama anayehesabu mayai. Mkuu wa kituo alikuwa nyuma yake, amenuna.

"Ripoti iko wapi?" mkuu akanong'ona.

"Nipe robo saa."

"Inspekta!"

"Robo saa, mkuu, au univue cheo hapahapa."

Akamgeukia mgeni. "Mama, nikiandika maji yameibwa, benki itafanya nini?"

"Kifungu cha hujuma na wizi. Tunaongeza siku tisini. Tangi linajazwa upya."

"Na nikiandika tangi ni bovu?"

Mkaguzi akamweleza, neno kwa neno. Inspekta akamsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaomba lakiri ivunjwe ili koplo aingie ndani ya tangi kutafuta vielelezo. Kabla koplo hajapanda, alimvuta sikio na kumnong'oneza jambo. Mzee Zamu naye akanong'onezwa, akatikisa kichwa, akasisitizwa, akakubali. Wote wakasimama kuzunguka chemba: mkuu, mkaguzi, mlinzi, mhandisi.

"Mzee, fungua kidogo tuone," Inspekta alisema.

Mzee, pingu zake zikilia, akashuka, akageuza gurudumu, akapanda. Pampu ikanguruma. Maji yakavuma bombani kwenda tangini.

"Afande!" Sauti ya koplo ikatoka ndani ya zege, ya kutisha. "Maji! Ngazi imenitoka! Afande, sijui kuogelea!"

"Funga!" Inspekta akapaza sauti.

Mzee akaanguka kando, ameshika kifua.

"Funga, jamani! Kuna mtu mle!"

Mlinzi akashika kichwa. Mkuu akakimbilia upande usio na kitu. Mhandisi peke yake aliruka. Alitua ndani ya chemba kwa miguu miwili, akalidaka gurudumu, akalizungusha kushoto, kushoto, kushoto, kwa mwili mzima, bila kusita hata mara moja. Maji yakakatika.

Kichwa cha koplo kikachomoza juu ya tangi, kikavu kabisa.

"Nilikuwa ngazini, Mhandisi. Samahani."

Mzee Zamu akajiinua, akajipangusa magoti. Mhandisi bado alikuwa ndani ya chemba, mikono kwenye gurudumu, akihema.

"Asante," Inspekta alimwambia, na alimaanisha. "Umemwokoa mtu. Sasa niambie, umejuaje kwamba inafunga kushoto?"

Mhandisi akatazama mikono yake.

"Nili... nimebahatisha."

"Mhandisi wa miaka kumi, mtu anazama, akabahatishe kinyume cha mkono wake? Valvu hii iliwekwa ukiwa safarini. Umesaini hujawahi kuigusa. Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Ulijifunza jana usiku. Uliitafuta njia gizani, kulia na kushoto, mpaka ukaijua. Ufunguo uliutoa wapi?"

Alimtazama baba mkwe wake, mara moja tu.

"Kwenye koti lake. Lilitundikwa sebuleni. Kabla ya alfajiri nilirudisha."

"Mfuko wa kushoto," Mzee akasema kwa upole. "Mimi huuweka kulia."

Mkuu wa kituo akakohoa, akatafuta pa kuweka macho.

"Endelea," Inspekta alisema. Koplo alikuwa ameshatoa daftari.

"Siku ya pili tangi lilianza kupungua. Nikaandika tarakimu ileile. Likazidi. Kumwaga bila kibali ni kufeli. Lakini yakiibwa, tunapata siku tisini. Tangi likiwa tupu ningeingia mwenyewe niuzibe ufa, tujaze upya, basi. Nilihitaji ripoti yako tu, Inspekta. Nilitaka mwizi asiye na jina. Sikujua watamkamata Baba!" Sauti ikampanda. "Nilifanya kwa ajili ya mji! Wakijua linavuja, mkopo unakufa. Watu watalipa deni la maji wasiyoyanywa. Andika wizi, mji unywe. Nakuomba!"

Inspekta, mkazi wa mtaa wa chini, aliyakumbuka mapipa ya mama yake. Lakini sasa hivi tu alikuwa amesikia kifungu chote.

"Ubovu ukiripotiwa kabla ya siku ya saba kwisha, nini hutokea?"

Mhandisi akajifuta grisi kwenye suruali.

"Wewe ndiye msimamizi. Mkataba umeulalia na kuuamkia. Nini hutokea?"

"Mkandarasi anarekebisha," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa gharama yake."

"Na mkopo?"

"Unasubiri."

"Na anayefukuzwa ni nani?"

Pampu ilikuwa imezimwa. Mhandisi akaketi sakafuni mwa chemba.

"Aliyepitisha zege," akasema. "Ule ukuta ulimwagwa jioni ya mwisho, mchanganyiko mwepesi, mafundi wana haraka. Nikaona. Nikasaini."

"Basi usiusingizie mji," Inspekta alisema. "Hukuiba maji kwa ajili ya mji. Uliiba kwa ajili ya saini yako."

Mkaguzi wa benki akatazama saa yake. Zilibaki saa tatu siku ya saba iishe. Akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba ripoti ya ubovu ikiandikwa sasa itakuwa ndani ya muda. Inspekta akaiandika palepale, juu ya kifuniko cha chemba. Koplo akamfungua Mzee Zamu pingu. Pingu zilezile zikashuka chemba.

"Baba," mhandisi alisema, akilia. "Baba, nisamehe."

Mzee alijisugua vifundo vya mikono.

"Asubuhi nilipogusa mfuko nilijua ni wewe. Nikasema, binti yangu asiachwe na mume jela, mjukuu wangu asikose baba. Nikawa tayari kwenda mimi, kwa ajili yako." Akavaa kofia yake. "Na wewe ulisimama pale ukinitazama, ukawa tayari niende."

Koplo aliuliza kama na hayo ayaandike kwenye maelezo. Inspekta akamwambia ayaandike yote.