Hewa ya Chumbani kwa Bibi Kwandu

Kila alipotoka shule Nyanjige alivua sare, akala matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, kisha akaingia kwenye vumbi la nyumba. Nyumba hiyo ya Ngulyati aliijenga babu yake kabla baba hajazaliwa. Sasa ilikuwa ikikarabatiwa na kazi ilikuwa ukingoni. Bati jipya lilishapigwa na dari ilishafungwa. Madirisha ya mbao yaliyokuwa yakilia kwa upepo yalitolewa, yakawekwa ya vioo. Ilibaki kumalizia rangi, kuning'iniza milango michache na kukwangua matone yaliyodondokea sakafuni.

Fundi rangi alikuwa Philomena, mwanamke mrefu kutoka Bariadi mjini aliyefunga kichwa kwa kipande cha kitenge chenye madoa ya kila rangi. Alimpenda Nyanjige kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi kwenye msasa. Siku moja alimwita akiwa juu ya ngazi barazani.

"Nyanjige, unaona matundu ya hewa juu ya madirisha? Niliyaziba kwa karatasi za mifuko ya saruji ili rangi isipenye. Pita kila chumba uzitoe. Usiache hata moja."

Nyanjige alichukua stuli na kisu butu. Sebuleni karatasi zilitoka kirahisi. Chumbani kwake pia zilitoka. Lakini chumbani kwa bibi rangi nyeupe ilishazikaukia, zikawa ngumu na laini kama ukuta wenyewe. Alikwangua kidogo, mkono ukamuuma. Nje wenzake walikuwa wakimwita kwenye mpira wa pete, maana kesho yake darasa la sita lilikuwa na mechi. Akashuka.

"Umemaliza?" Philomena aliuliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote."

Akakimbilia uwanjani. Alijiambia kwamba angerudi jioni kumalizia, na jioni ilipofika alikuwa amesahau.

Wiki hiyohiyo mvua zilianza. Kibanda walimokuwa wamejihifadhi wakati wa ukarabati kilivuja, kwa hiyo baba, Januarius, akaamua bibi ahamie chumbani kwake hata kama milango ya nyuma ilikuwa haijapakwa rangi. Mama alikuwa kijiji cha Binza kumtunza dada yake aliyejifungua. Bibi Kwandu aliingia na kitanda chake, sanduku lake na jiko la mkaa. Katika nyumba ya zamani alizoea kulala karibu na moto, na baridi ya mvua ilimwingia mifupani.

Baada ya hapo mambo yakaanza kutatanisha.

Bibi aliamka akisema kichwa kinamgonga kama mtu anatwanga ndani yake. Ilipofika mchana, akiwa amekaa barazani akichambua dengu, alikuwa mzima kabisa na anacheka. Asubuhi iliyofuata kichwa kikarudi, na kichefuchefu juu yake. Baba alimpeleka zahanati wakampima malaria. Hakuwa nayo. Kufika huko tayari alikuwa amechangamka, mhudumu akashangaa aliyeletwa ni nani.

"Ni harufu ya rangi," bibi alisema.

"Mwangaluka, mayu," Philomena alimwamkia kwa Kisukuma, akaingia chumbani na kunusa kila kona. "Lakini harufu ilishakwisha. Hata mimi mwenyewe sinusi kitu."

Babu Mhoja, kaka yake bibi, alikuwa na maelezo yake. Alisimama mlangoni akatazama dari nyeupe kwa muda mrefu. "Mmeng'oa humu mafiga ambayo marehemu shemeji yangu aliyaweka kwa mkono wake. Nani alimwarifu? Mtu haendi kubadilisha nyumba ya mwenzake kimyakimya."

Nyanjige aliwasikiliza wote. Baba akisema ni uchovu, alimwamini. Bibi akisema ni rangi, alimwamini pia. Babu Mhoja akizungumza, nywele zilimsisimka. Usiku aliogopa kutazama mahali palipokuwa na mafiga. Hakujua ashike lipi, na kila alipouliza aliambiwa akasome.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Baba alikuwa ameenda shambani kutazama kama maji yameingia kwenye pamba. Philomena alikuwa stoo akipaka rangi milango. Karibu na adhuhuri Nyanjige alimpelekea bibi uji. Mlango ulikuwa umefungwa, na madirisha yote yamefungwa kuzuia mvua. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, jiko likiwaka mbele ya miguu yake.

"Esteria," bibi alisema polepole, "mbuzi umewafungulia?"

Esteria ni shangazi yake Nyanjige, anayeishi Mwanza. Na hapo nyumbani hapakuwa na mbuzi tena.

"Bibi, ni mimi. Nyanjige."

"Wafungulie mbuzi, mwanangu. Baba yako atatugombeza."

Nyanjige alicheka, akidhani bibi anatania. Akaketi karibu na moto, akachovya kijiko katika uji na kumlisha. Uji ulimwagika kidevuni. Bibi hakuufuta. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumwangalia mtu. Nyanjige akaendelea kumsemesha, akiuliza hili na lile, na majibu yakazidi kupotea. Kisha yeye mwenyewe akaanza kuhisi kitu cha ajabu. Kichwa kilimjaa, masikio yakavuma, na ukuta mweupe ukawa kama unasogea. Akajaribu kukumbuka alikuja kufanya nini humo ndani. Hakukumbuka.

"Babu marehemu amekasirika," aliwaza. "Babu yumo humu."

Woga ndio uliomwinua. Alishika ukuta, akasukuma mlango, akatokea uani na kutapika mvuani. Maji ya mvua yalimpiga usoni. Akavuta pumzi, akavuta nyingine, na taratibu ua ukatulia mahali pake. Hilo nalo likamchanganya. Kama babu amekasirika, mbona hasira yake inaishia mlangoni?

"Fundi! Fundi! Bibi!"

Philomena alitoka stoo na brashi mkononi, akaitupa. Alimkuta bibi ameinama upande mmoja. Akampitisha shuka kwapani, akamburuta hadi barazani, huku Nyanjige akishika miguu. Midomo ya bibi ilitikisika bila sauti.

Baba alifika amelowa, na Babu Mhoja nyuma yake.

"Sasa mmeamini?" Babu Mhoja alisema, sauti ikitetemeka. "Twende Sapiwi. Yuko mzee pale anayejua kuzungumza na waliotangulia."

"Mjomba, huyu ni mgonjwa."

"Zahanati walipata nini?"

Nyanjige alimwona baba yake akitazama huku na huku kama mtu aliyepotea njia, na hilo lilimtisha kuliko yote. Philomena ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha bajaji. "Mtajadiliana njiani," alisema. "Mwingizeni."

Walikwenda kituo cha afya cha karibu na mjini. Bibi aliwekewa oksijeni puani. Daktari Elizabeth, mama mnene mwenye miwani, alimpima, kisha akawageukia.

"Chumbani alikokuwa kulikuwa na moto?"

"Jiko la mkaa," baba alijibu. "Analala nalo siku zote. Hata nyumba ya zamani alikuwa na moto."

"Nyumba ya zamani ilikuwa na nyufa, na madirisha yake hayakubana. Moshi ulipita popote. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichobana hutoa hewa ya sumu. Haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, huchanganyikiwa, hulala, na wengine hawaamki. Chumba kina matundu ya hewa?"

"Yapo, na yako wazi. Fundi alisimamia."

Daktari alikunja uso. "Sumu ya kiasi hiki, na matundu yako wazi?"

Baba akamgeukia Philomena. "Basi uliweka nini kwenye rangi yako? Sema! Mama yangu anakufa, wewe umechanganya nini?"

"Baba Nyanjige, sikuchanganya kitu," Philomena alisema. "Nimepaka nyumba nyingi hapa Bariadi. Muulize yeyote."

"Nitakuuliza wewe! Hutapaka tena nyumba ya mtu!"

Nyanjige alikuwa amekaa kwenye benchi, kichwa kikimuuma bado. Neno 'matundu' lilizunguka ndani yake mara ya kwanza bila kushika mahali. Kisha likashika. Aliona zile karatasi nyeupe, ngumu, laini kama ukuta. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Lakini bibi akipona angerudishwa chumba kilekile.

"Yamezibwa," alisema.

Hawakumsikia.

"Baba, yamezibwa! Ya chumbani kwa bibi. Fundi alinituma nitoe karatasi, nikaziacha, nikasema nimetoa zote."

Alisubiri kofi. Baba alimtazama kama anayesikia lugha ngeni, halafu akakaa kwenye benchi taratibu na kushika kichwa.

"Asante kwa kusema," Daktari Elizabeth alisema. "Sasa najua nini cha kutibu. Wewe pia njoo hapa uvute oksijeni." Akamtazama baba. "Hata matundu yakiwa wazi, baba, jiko la mkaa halilali chumbani na mtu. Hilo si kosa la mtoto."

"Ni langu," baba alisema. "Sikuwahi kulifikiria. Wala sikuingia kuangalia."

Babu Mhoja alijikohoza. Alitembea hadi kitandani kwa dada yake, akamshika mkono, na hakutaja tena Sapiwi siku hiyo.

Bibi Kwandu alirudi nyumbani baada ya siku chache, mnyonge lakini akili zake timamu. Baba alikuwa amekwishazibandua karatasi kwa mkono wake, akatengeneza na sehemu ya moto nje, chini ya bati la uani. Bibi alimkalisha Nyanjige kando yake.

"Ulijua kwamba ningeumia?"

"Hapana, bibi. Nilijua nimedanganya tu. Nilidhani ni kitu kidogo."

"Ndivyo uongo unavyokuwa, mwanangu. Wewe ulikwenda kucheza, uongo wako ukabaki kazini. Baba yako aliutegemea, daktari aliutegemea, na fundi wa watu nusura apoteze jina lake. Ulipousema ukweli mbele ya watu, ulinirudisha mimi nyumbani. Hilo nalo sitalisahau. Sasa nendeni mkamwone Philomena, wewe na baba yako."

Walimkuta uani akikunja turubai lake. Baba alivua kofia. Alimwomba radhi kwa maneno aliyomtupia mbele ya watu, akamwomba amalizie nyumba. Nyanjige alijaribu kusema yake, machozi yakamtangulia.

Philomena alimaliza kukunja turubai kabla hajajibu. Alikuwa ameumia, na hakuficha.

"Nimekubali," alisema hatimaye. "Lakini nisikilize, Nyanjige. Nikikuuliza kama umemaliza, siulizi ili unifurahishe. Nataka kujua kama niendelee au nisubiri. Ungeniambia 'bado,' ningechukua kisu nikaja kukusaidia. Nimefanya kazi na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunidhuru kwa kuniambia 'bado.'"